Kabla ya Kushuka Dania: Niliyojifunza kwenye Spiegel Grove

(Maneno yaliyosemwa jioni, ufukweni kaskazini mwa Mombasa, mbele ya vijana wanaojifunza uzamiaji, wazazi wao na wavuvi wa jirani.)

Asalaam aleikum wazee wangu, shikamooni mama zangu, vijana hamjambo.

Nimefurahi kuona wazazi mmekuja, kwa sababu maneno ya leo si ya vijana peke yao. Kesho alfajiri watoto wenu wanane wanashuka kwa mara ya kwanza kwenye meli iliyozama. Dania mnaijua: ile meli ya kubeba mifugo iliyozamishwa makusudi hapa mbele yetu mwaka 2002 ili samaki wapate makao. Wazee wavuvi mlioketi pale nyuma mnaijua kuliko mimi, maana mishipi yenu imenasa pale zaidi ya mara moja.

Lakini Dania yenyewe vijana wataiona kesho kwa macho yao. Mimi nataka niwape habari za meli nyingine, iliyozamishwa mwaka huohuo, katika visiwa vya kusini mwa Florida, Marekani. Ilikuwa meli ya kivita na jina lake ni Spiegel Grove. Nimefanya kazi huko misimu miwili, nikibeba mitungi na kusindikiza wageni, na karibu kila ninachowafundisha hawa vijana kuhusu meli nilikipata pale. Kingi nilikipata kwa raha. Kimoja nilikipata kwa hofu, na nitakifikia.

Spiegel Grove ilianza kazi jeshini mwezi Juni 1956. Urefu wake ni mita 155, sawa na uwanja wa mpira mmoja na nusu, na upana wake kama mita 26. Haikujengwa kupigana mizinga na meli nyingine. Kazi yake ilikuwa kubeba mashua za kuwafikisha askari ufukweni, na hapo ndipo palipo na ajabu yake. Upande wa tezi, yaani nyuma ya meli, ilikuwa na lango kubwa, na nyuma ya lango ukumbi mpana. Wakitaka kuteremsha mashua, mabaharia walijaza maji matangi ya meli kwa makusudi, meli ikatitia upande wa nyuma, bahari ikaingia ukumbini, na mashua zikaelea zikatoka zenyewe. Kisha maji yakasukumwa nje na meli ikainuka. Kwa zaidi ya miaka 30 kazi yake ilikuwa kuzama nusu na kuibuka. Jambo hilo sijaacha kulifikiri, kwa sababu meli hii iliyozoea kujazwa maji kwa hesabu ndiyo iliyoikataa hesabu siku yake ya mwisho.

Jina lake halina vita ndani yake hata kidogo. Ni jina la shamba la Rutherford Hayes, aliyekuwa rais wa Marekani, kule Ohio. Spiegel kwa Kijerumani ni kioo, na shamba liliitwa hivyo kwa ajili ya madimbwi ya mvua yaliyokuwa yakimetameta chini ya miti.

Mwaka 1989 ilistaafishwa ikapelekwa mto James, jimbo la Virginia, ikafungwa kando ya meli nyingine zilizochoka. Watu wa Key Largo, kimoja cha visiwa vile vya Florida, waliitaka waizamishe iwe mwamba wa samaki, lakini kuipata kuliwachukua miaka ya kuandikiana na serikali na kuchangisha pesa, na mwishowe ikagharimu zaidi ya dola milioni moja. Mzee mmoja, na yupo hapa, aliniuliza leo mchana: pesa zote hizo za nini, na kuzama ni kazi ya bure? Mbona tuna mabovu mengi bandarini, tuyavute tuyatoboe, samaki wapate nyumba?

Swali hilo ni zuri, na jibu lake ndilo lililonileta hapa. Pesa zinakwenda kwenye kazi ambayo wewe mvuvi hutaiona wala mzamiaji hataiona, kwa sababu ni kazi ya kuondoa. Meli ya umri ule ina mafuta matangini na kwenye kila bomba. Ina asbesto kwenye kuta za chumba cha injini. Ina maili nyingi za nyaya, na katika miaka ile maganda ya nyaya, rangi na mipira ya kuzibia yalitiwa kemikali zinazoitwa PCB. Hizo haziozi. Zikifika baharini zinakaa kwenye mafuta ya samaki mdogo, samaki mdogo analiwa na chewa, na chewa analiwa nyumbani kwako. Mwaka 2006 Wamarekani walizamisha manowari ya kubeba ndege, Oriskany, upande mwingine wa Florida, na suala la PCB lilibishaniwa mpaka meli ile ikasubiri bandarini muda mrefu. Kwa hiyo mzee wangu, chombo kibovu kilichotobolewa tu ni taka iliyofichwa chini ya maji. Sitakubali kuita hicho mwamba, na nakuomba nawe usikubali.

Baada ya kusafisha ndipo inakuja kazi ya pili, na vijana hapa mtege sikio. Mafundi wanaingia na miale ya gesi. Milango wanaing'oa, au wanaichomelea isifunguke kabisa, ili pasiwe na mlango utakaojifunga nyuma ya mtu. Waya unaoning'inia wanaukata. Halafu wanatoboa ubavu wa meli na sakafu zake, matundu makubwa, mtu na mtungi wake apite. Matundu hayo yana kazi mbili: wakati wa kuzama yanapitisha maji, na baadaye yanapitisha mwanga na watu. Kila tundu utakalolikuta kwenye meli ya namna hii lilikatwa na fundi aliyejiuliza: mzamiaji akipotea humu, atatokea wapi?

Sasa siku ya kuzama. Tarehe 17 Mei 2002 ilikuwa imeshavutwa mpaka mahali pake, kama kilomita kumi kutoka Key Largo, mabaharia wa zamani na watazamaji wakingoja saa iliyopangwa. Meli haikungoja. Ilianza kuzama saa kadhaa kabla, watu wakaikimbia, ikalala ubavu, ikapinduka, tezi ikagonga chini na omo, yaani mbele yake, ikabaki juu ya maji kichwa chini. Wahenga wetu walisema tezi na omo marejeo ni ngamani, na siku ile ngama iligeuka ikatazama mbingu. Ikakaa hivyo zaidi ya wiki tatu, kizuizi kwa vyombo vinavyopita, mpaka tarehe 10 Juni walipoifunga mifuko ya hewa, wakaivuta kwa matagi, vyombo vya kukokota meli, ikashuka yote. Lakini ilishuka ikalalia ubavu wa kulia, na watu wakakubali kwamba ndivyo itakavyokaa.

Miaka mitatu ikakaa hivyo. Wazamiaji wa Key Largo waliijua meli iliyolala: sakafu ilikuwa ukuta, ukuta ulikuwa dari, na mlango ulikuwa kisima unachokichungulia kwa juu. Kisha Julai 2005 kimbunga Dennis kikapita mbali, magharibi ya visiwa vile. Hakikupiga pale moja kwa moja. Mawimbi na mikondo yake tu ndiyo iliyofika. Bahari ilipotulia watu wakashuka, wakaikuta meli imesimama wima, mkuku mchangani, kama ilivyokusudiwa tangu mwanzo.

Niliposimuliwa habari hiyo mara ya kwanza nilifurahi kama wengine. Baadaye aliyenifundisha kazi akaniuliza swali ambalo nawauliza nyinyi: aliyekuwa ameikariri meli kwa miaka mitatu, siku ile alijua nini? Hakujua kitu. Njia aliyoizoea kulia sasa iko juu. Chuma chenye uzito wa maelfu ya tani kimegeuzwa na maji. Kesho mtakaposhuka Dania, msije mkaniambia kwamba kaka zenu wamewaeleza ilivyo. Mtaitazama ilivyo kesho.

Na ni nzuri, vijana wangu, meli iliyozama ni nzuri kuliko ninavyoweza kusema! Spiegel Grove imekaa kwenye mchanga wa kina cha mita 40, na sehemu zake za juu unazikuta kwenye kama mita 18 hivi. Unashuka kwa kamba ya boya, mkondo ukikuvuta upeperuke kama bendera, na chini yako ni buluu tupu. Halafu buluu inaanza kuwa na pembe. Unaona mstari mmoja ulionyooka, na baharini hakuna kitu kilichonyooka, moyo unakuambia hicho ni cha mtu. Ukikaribia, mstari umeota nywele: sponji za rangi ya chungwa, mwani, matumbawe laini, chaza waliogandamana mpaka chuma hakionekani. Winchi zimekuwa vichaka. Mizia wanasimama hewani, namaanisha majini, lakini ndivyo wanavyoonekana, wamesimama hewani bila kutikisa pezi. Chewa wa kule anafika uzito wa watu wanne, na akinguruma unamsikia kifuani.

Kuna mwenzetu mmoja nilimkuta huko. Mnamjua yule samaki mwenye mistari myekundu na myeupe, mapezi kama manyoya ya jogoo, miba ya sumu mgongoni, Wazungu humwita samaki simba. Asili yake ni bahari yetu hii na ile ya Pasifiki. Kule alionekana mara ya kwanza mwaka 1985, na inaaminika alitupwa na wafugaji wa samaki wa majumbani. Hapa kwetu unamkuta mmoja mmoja chini ya jiwe, kwa sababu bahari inamjua na imemwekea mipaka. Kule hakuna anayemjua. Samaki wadogo hawamkimbii, wakubwa hawamli, naye anakula vifaranga wa kila kitu, na kwenye meli zilizozama anapata pango la bure. Wazamiaji wa Florida wanamwinda kwa mikuki na kumla, na nyama yake ni tamu. Nilisikitika kumwona kiumbe wa kwetu amekuwa balaa kwa watu, na kosa si lake.

Hapo ndipo nawarudia wavuvi. Swali mlilonipa kwenye baraza lenu ni hili: meli inazalisha samaki au inawakusanya tu? Wataalamu wenyewe wamebishana juu ya hilo miaka mingi. Chuma kikiota viumbe, chakula kinaongezeka na vifaranga wanapata maficho, hilo ni kweli. Lakini ni kweli vilevile kwamba chewa aliyekuwa ametawanyika kwenye miamba kumi anaweza kuhamia kwenye meli moja, na hapo mtu mmoja mwenye nyavu nzuri akawamaliza wote kwa wiki. Rai yangu mimi ni kwamba meli bila makubaliano ya nani anavua pale na kwa chombo gani ni mtego. Faida nyingine kule Key Largo ilipimwa kabla na baada ya kuzamisha: wazamiaji wengi walihamia kwenye meli, na miamba ya asili ya matumbawe ikapumzika kidogo na mapezi ya wageni. Nasi hapa miamba yetu inakanyagwa, mnajua.

Mama mmoja alinivuta kando akaniuliza kwa sauti ndogo kama kuna maiti kwenye meli za vita. Nitamjibu mbele ya wote, maana najua si yeye peke yake anayewaza hivyo. Meli iliyozamishwa kwa mpango inazama tupu. Lakini zipo nyingine. Bandarini Unguja, asubuhi ya tarehe 20 Septemba 1914, manowari ya Kiingereza Pegasus ilikuwa imetia nanga ikitengenezwa mitambo, ikaviziwa na manowari ya Kijerumani Königsberg na kupigwa mizinga mpaka ikazama. Mabaharia 38 walikufa, na baadhi yao wamezikwa kisiwa cha Chapwani, pale mbele ya mji. Ukishuka kwenye mabaki ya meli kama hiyo unashuka mahali pa msiba, hugusi na huchukui kitu. Ile ya Florida ni tofauti. Ile iliandaliwa kupokea watu walio hai.

Hata hivyo watu wamekufa ndani yake.

Nianze na yangu. Nilikuwa mgeni kazini. Siku hiyo sikuwa na mteja, nikaruhusiwa kushuka na mwenzangu mmoja. Mtu aliyekuwa na madaraka kwenye boti ile aliniambia kuna ujia ulionyooka kwenye sitaha ya pili, unaingia huku unatokea kule, hauhitaji kamba. Nikaamini. Tulikuwa mita 28. Niliingia mbele, mwenzangu nyuma. Katikati ya ujia nikapiga mapezi kwa nguvu kidogo, kama ninavyowakataza nyinyi kila siku, na tope la miaka na unga wa kutu vikainuka. Nikageuka kumtafuta mwenzangu na kugeuka kule kukamaliza kilichobaki. Maji yakawa kama chai ya maziwa. Tochi ikawa haina faida, inamulika weupe tu. Sikujua juu wala chini, nilijua tu upande ambao mapovu yangu yalikuwa yakienda.

Hesabu hii mnaikumbuka, lakini wazazi hawajaisikia. Mtungi wa lita 12 uliojazwa bar 200, na bar ni kipimo cha shinikizo, una hewa lita 2,400. Mtu aliyetulia huvuta kama lita 20 kwa dakika akiwa juu ya maji. Mita 30 chini, shinikizo ni mara nne, basi anavuta 80. Gawanya: dakika 30 na mtungi umekauka. Anayeingia kwenye chumba hugawa hewa mafungu matatu, moja la kwendea, moja la kurudia, moja la balaa, kwa hiyo ana dakika kumi tu za kwenda. Na hiyo ni ya mtu aliyetulia. Mwenye hofu huvuta maradufu. Ongeza kwamba kwenye kina kile nitrojini inalevya: unaanza kufikiri polepole wakati unapohitaji kufikiri haraka. Mimi nilikuwa nimeshatumia fungu la kwanza na la pili kabla hata ya kuogopa.

Nilipapasa bomba ukutani nikaling'ang'ania. Nikalifuata kwa mkono, kiganja baada ya kiganja, bila kujua linakwenda wapi. Halafu mkono ukaangukia pahali pasipo na kitu. Nilisukuma kichwa, na mbele yangu kulikuwa na buluu, buluu safi, na samaki wadogo wakipita. Lilikuwa tundu. Kingo zake zilikuwa na mawimbimawimbi ya chuma kilichokatwa kwa moto. Mwenzangu alikuwa ameshatoka kwa mlango tulioingilia, ananingoja juu ya sitaha huku amejishika kichwa. Nikapanda na bar 40. Kwenye mita tano nikaishika kamba kwa mikono miwili, dakika tatu za kusubiri nitrojini ipungue mwilini, mkondo unanivuta, na nikalia ndani ya miwani.

Fundi aliyelikata tundu lile simjui. Alikuwa mtu kazini, miaka kabla yangu, amevaa kofia ya kuchomelea, pengine anawaza chakula cha mchana. Naye hanijui. Lakini alikata pale, na mimi nipo hapa nawasomeshea watoto wenu. Ndiyo maana ninachukia nikisikia mtu anasema tuchukue chombo tu tukitoboe.

Machi 2007 wazamiaji waliingia meli ileile, watu wazoefu, wenye vifaa vizuri kuliko vyote mnavyoviona hapa. Walikwenda ndani kabisa, kwenye vyumba vya chini, na hawakuvuta kamba ya kuwarudisha. Watatu walikufa. Kule ndani kabisa tundu la fundi halifiki. Kamba ndiyo tundu lako, unaingia nalo mkononi. Nawataja marehemu wale kwa heshima, na siwalaumu. Nilikuwa na hewa chache kuliko mtu anavyopaswa kuwa nayo, na tofauti yangu na wao ilikuwa ukuta mmoja.

Basi kesho. Ni maji mafu, mkondo utakuwa mdogo, na nahodha anasema tutafika kabla maji hayajasimama. Tunaondoka saa kumi na mbili kasorobo, aliyechelewa atabaki na mama yake. Kila mmoja atanionyesha geji yake juu ya boti, na atanionyesha tena kwenye kamba, na tena kwenye sitaha. Kwenye bar 100 tunaianza safari ya kurudi, hata kama nyangumi anapita. Tutaizunguka Dania kwa nje, omo mpaka tezi. Mtakuta milango, na mtakuta giza zuri nyuma ya milango, na samaki wametulia ndani wakiwatazama. Mtawatazama kutoka nje.

Tochi zenu nane nimeshazikusanya. Ziko kwenye kikapu pale chini ya meza, na zitalala nyumbani kwangu.